Ufito Niliompa Gunda

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichongea mkongojo. Alikata mti wa mkole, akauchuna gome, akaupaka siagi ya ng'ombe na kuulaza juu ya moshi wa jikoni siku kadhaa. Aliponikabidhi, harufu ilinifikia kabla mkono haujaushika vizuri, na papo hapo nikatamani kumpiga mtu nao. Si yeye, maskini. Ninayemtaka alikwisha kufa zamani, akazikwa kwa heshima zote, nami nikapeleka unga msibani kama watu wengine. Ninyi wa rika langu mnanielewa. Magoti yanakataa, macho yanakataa, lakini kinyongo kinabaki na meno yake yote.

Utoto wangu ulipita kando ya ziwa Kitangiri, huko Iramba, wakati wa Mwingereza. Ziwa lile halina uzuri wa kusimulia. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, kingoni kuna tope jeusi na mafunjo, na viboko hukoroma humo mchana kutwa kama wanaume walioshiba. Lakini lilikuwa na kambale. Majirani wengi walivua kwa migono, wakiitega jioni na kuitegua asubuhi. Baba yangu, Mkumbo, hakupenda kungoja. Yeye alivua kwa kukokota.

Alikaa nyuma ya mtumbwi akitazama tulikotoka, ufito umelala juu ya paja lake, mshipi umenyooka majini kama hatua arobaini nyuma yetu. Mwisho wa mshipi alikuwapo perege mdogo aliyefungwa kwenye ndoano kwa namna ambayo, mtumbwi ukienda, anaonekana anaogelea. Mtumbwi usisimame wala usikimbie. Ukikimbia chambo kinaruka juu, ukizubaa kinazama topeni. Mpiga kasia alikuwa mimi. Watu walimcheka kwa kumpandisha binti mtumbwini, naye aliwajibu kwamba wavulana wa kijiji kile wanapiga kasia kama wanaofukuza ng'ombe mashambani. Jibu hilo nilitembea nalo kifua mbele mwaka mzima.

Kambale wa kweli, wale wa urefu wa mtu, walikaa mkondoni. Hapo maji ya mto yanapoingilia ziwa pana kina, na chini hapana tope bali mchanga. Tulipita hapo asubuhi, kwenda na kurudi, tukiukokota mshipi kimya. Nakumbuka baridi ya maji yaliyotiririka kutoka kwenye kasia hadi kwapani, na harufu ya baba, tumbaku na samaki. Nakumbuka pia namna alivyosema "Eee" kwa sauti ndogo kambale alipouma. Hapo kila kitu kiliuangukia ufito. Samaki anavuta kwake, mtumbwi unaenda kwake, na kati yao pana kipande cha mti tu. Baba alichagua fito zake kama wengine wanavyochagua wakwe, lakini mimi hakunifundisha. Fito alikwenda kuzikata peke yake. Kazi yangu ilikuwa kasia.

Sasa niwaeleze Gunda. Alikuwa mtoto wa shangazi yake baba, yaani binamu yake, na kwetu binamu ni mtani. Mtani anaingia nyumbani kwako, anaepua chungu chako motoni, anakula, anakutukana kwa kuwa chakula hakina chumvi, anaondoka na kigoda ulichokuwa umekalia. Nawe unacheka. Ukikasirika unatozwa mbuzi, na watu wanakucheka mpaka mvua nyingine. Baba naye hakuwa malaika. Niliwahi kumwona akirudi na blanketi la Gunda begani, siku ya baridi, huku Gunda mwenyewe anamfuata nyuma akitetemeka na kucheka. Hata mimi siku hiyo nilicheka.

Kisha akaja Bwana Shauri mpya, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, aliyependa samaki kuliko mashauri ya watu. Alituma habari kwa mtemi kwamba anamtaka mtu mmoja anayelijua ziwa, amwongoze katika kuvua. Kila mtu alijua ni nani. Baba alikuwa na fito tatu zimekauka vizuri darini, zimefungwa kwa ngozi, nazo akaziweka tayari. Mimi nilizitazama kutoka chini, gizani mwa tembe letu, nikaziona ndefu, zimenyooka, zinagusa pande zote mbili za nyumba.

Asubuhi ya siku yenyewe Gunda aliingia kwetu baba akiwa anaoga ziwani. Alikunywa uji wetu wote. Akapanda kwenye kigoda, akazishusha fito tatu, akatoka nazo akipiga kelele ili majirani wasikie.

"Mkumbo! Fito zako nimezioa! Njoo unishtaki!"

Baba alifika uani maji bado yanamdondoka. Aliangalia darini, akatazama njia, akacheka. Alicheka kwa sauti, mikono kiunoni, na majirani wakacheka naye. Nilidhani Gunda atazirudisha jioni, kama alivyorudisha kigoda. Hakuzirudisha. Alizipeleka moja kwa moja kwa Bwana Shauri, akasema amezichonga yeye, na kwa fito zile wakapata kambale watatu siku ileile. Wiki haikuisha, Gunda akavaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Watu wakaanza kumwita Bwana Samaki.

Jambo la kwanza alilofanya Bwana Samaki ni kuchomeka nguzo mkondoni, huku na huku, na kutangaza kwamba humo ni mahali pa Bwana Mkubwa. Mtumbwi wa mwenyeji usikanyage. Koti lile lingekuwa la baba, na mkondo ungekuwa wetu, na badala yake tukarudishwa kwenye mafunjo kuvua na mbu. Huko kambale walikuwa wa kiganja, na mshipi ulinasa kila baada ya hatua kumi. Nyumbani mboga ikapungua. Mama akaanza kupika mlenda siku tatu mfululizo.

Nilimwuliza baba mtumbwini, "Kwa nini ulicheka?"

"Binamu hakasirikiwi."

"Lakini ametuibia."

"Piga kasia, mama."

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Siku nyingine nilipenda kuitwa hivyo. Siku ile niliona aibu kwa niaba ya bibi. Nilijua, kwa ujuzi wote wa mtoto, kwamba baba yangu ni mwoga, na kwamba utani ni jina ambalo waoga wameupa woga wao. Nikaapa kwamba kama yeye hawezi, mimi nitaweza. Akutendaye mtende. Nilisema maneno hayo kila nilipoliona koti la kaki, na nililiona kila siku, kwa sababu Gunda hakulivua hata kwenye jua la saa nane.

Fito zile tatu hazikudumu. Mmoja ulipondwa na kiboko pamoja na ubavu wa mashua, wa pili Bwana Shauri aliusahau mvuani, wa tatu akampa rafiki yake. Ufito wake wa Ulaya, mwembamba kama bua, ulikuwa umevunjika tangu siku ya kwanza. Basi Gunda akatakiwa kuchonga nyingine, naye hakujua hata mti wenyewe unakatwa wapi. Akaja kwetu bila haya. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta napeta uwele, nikaacha ungo usilie ili nisikie vizuri.

"Mkumbo, nifundishe ufito."

"Wewe Bwana Samaki mzima, nikufundishe nini? Waulize samaki wako."

"Usinitese. Mimi na wewe ni damu moja."

"Damu moja, akili mbili." Nilimsikia baba akijikuna ndevu. "Haya, sikiliza. Mkole wa mlimani achana nao, ni mti wa mawe, umekonda. Nenda mtoni, ukate ule ulionona. Uwe umenyooka, usiwe na kifundo hata kimoja. Kifundo ni ugonjwa."

"Kifundo ni ugonjwa," Gunda akarudia.

"Urefu, watu wawili mmoja juu ya mwenzake. Uanike juani, jua kali, mpaka ukiugonga ulie. Na usipinde. Ufito unaopinda ni wa watoto kuchungia mbuzi. Bwana Mkubwa anataka kitu kigumu."

"Mtoni, mnene, mrefu, jua, usipinde."

"Sasa umekuwa mtu."

Gunda aliondoka na kuku wetu mmoja chini ya kwapa, kwa kuwa ndiyo desturi, na baba akamtupia tusi zuri mpaka njiani. Mimi nilibaki nyuma ya ukuta na hasira zangu. Baba ameibiwa fito, ameibiwa mkondo, sasa anatoa na elimu. Na elimu hiyo, ambayo mimi mwanawe hakuwahi kunipa, niliinyakua yote na kuiweka kichwani. Mtoni. Mnene. Mrefu. Jua. Usipinde.

Mtasema, mbona fito za baba mwenyewe hazikuwa hivyo? Niliona. Tangu aibiwe alikuwa akitumia vijiti vifupi, vizito, vyenye vifundo, vinavyopinda ncha mpaka ikanywa maji. Nilimhurumia. Nilidhani mtu aliyeibiwa vizuri vyake ameridhika na makombo. Kumbe vile vitatu vilivyoibwa vilikuwa hivihivi, vifupi na vyenye vifundo. Mimi niliviona virefu kwa sababu nilikuwa mfupi.

Gunda akachonga alivyofundishwa. Bwana Shauri alipokuja, ufito ukakatika katikati kwa kambale wa kawaida tu, sauti yake ikasikika hadi ufukweni tulikokuwa tumesimama. Mara ya pili alikuja na mgeni wake, na ufito ukakatika hata kabla samaki hajaonekana, kipande kikampiga mgeni kidevuni. Tarishi wa mtemi alikuwa akisikia Kiingereza kidogo, na jioni ile habari ikazunguka kila nyumba: Bwana amesema ukivunjika mara ya tatu, Gunda avue koti alilete, na apewe yule Mkumbo ambaye watu wanamtaja, nguzo zing'olewe, kila mtu avue atakapo. Mama aliimba akisaga siku hiyo. Baba alisema tu, "Mungu ni mkubwa," akaendelea kupaka siagi ufito mmoja uliokuwa juu ya moshi.

Mimi niliona ni Mungu kweli. Gunda alikuwa amefundishwa vizuri, mikono ndiyo mibovu, na Mungu alikuwa anamwadhibu. Lakini sikumwamini Mungu kwa mara ya tatu. Je, akibahatisha? Mtu aliyeelezwa siri yote, mara moja moja atapatia. Wazo hilo lilininyima raha.

Uwele ulipokuwa unakomaa ikaja habari ya msiba Sepuka, upande wa ndugu zake mama. Baba akaondoka kwa miguu, siku tano kwenda na kurudi na kukaa matanga. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri kuamia ndege. Nilikuwa peke yangu jikoni, nachochea moto, Gunda alipoinama mlangoni. Vifungo vya shaba viling'aa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Sepuka. Msibani."

Alikaa chini pale pale, juu ya koti lake. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa namna ile. Alisema Bwana Shauri anakuja kesho kutwa, na ufito alioandaa umepasuka wenyewe juani bila kuguswa. Nilimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilifurahi, nitasema ukweli.

"Wewe unakaa naye mtumbwini kila siku," akasema. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nichagulie."

Juu ya moshi zilikuwapo fito nne. Tatu zilikuwa za kawaida. Wa nne, ule ambao baba hakuwahi kuutumia, ndio uliokuwa mbaya kuliko zote: mfupi, unamzidi mtu mzima urefu wa mkono tu, mweusi kwa masizi, mzito upande wa kushikia, vifundo saba nilivyohesabu kwa vidole, na ncha yake ukiigusa inatikisika kama mkia wa mjusi. Nilipitisha kila somo kichwani. Haukutoka mtoni, kwa sababu maganda ya gome yaliyobaki yalikuwa makavu ya mlimani. Si mnene. Si mrefu. Haujaona jua. Unapinda. Nikaushusha.

Gunda aliugeuza mikononi. "Mbona una vifundo? Kifundo si ugonjwa?"

"Hayo yalikuwa mafundisho ya zamani," nikasema. Sikuwahi kumdanganya mtu mzima kabla ya siku ile, na nilishangaa jinsi ulimi ulivyokuwa laini. "Baba amegundua mapya. Huu ameuweka akiba kwa ajili ya Bwana Mkubwa mwenyewe. Hata mimi haniruhusu kuugusa."

"Na kupinda huku?"

"Ndiyo siri yake, baba mdogo."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Labda aliona mtoto mwenye masizi puani anayemwita baba mdogo kwa heshima. Aliuchukua, akanishika kichwa, akasema Mungu anikuze. Alipopotea nyuma ya mtama nilicheza peke yangu jikoni, nikizunguka moto. Nilimwona tayari bila koti. Nilimwona akitembea kifua wazi mbele ya kijiji, na mimi na baba tukipita katikati ya mkondo, na nguzo zake tumezifanya kuni. Sikuwaza kwamba nimeiba kitu cha baba. Niliwaza kwamba nimetumia takataka yake kumpigania.

Kesho kutwa yake nilikuwa ufukweni kabla ya watu wote. Mashua ya Bwana Shauri ilikuwa ya mbao, wapiga kasia wawili, yeye nyuma, Gunda miguuni pake na kikapu cha chambo. Nilimwona Bwana akiugeuza ufito, akaufunga gurudumu lake la uzi kwa vipande vya ngozi, akasema jambo, Gunda akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Wakaingia mkondoni. Wakaenda, wakarudi. Jua likapanda. Wanawake walioteka maji walikaa kungoja kuona koti likivuliwa, na mmoja wao akaniambia, "Binti Mkumbo, leo baba yako anapata uungwana wake bila kuwapo." Nilishindwa kutulia. Nilichimba tope kwa vidole vya miguu.

Kisha Bwana Shauri akasimama ghafla, mashua ikayumba. Kambale ameuma. Tuliuona ufito ukiinama. Ukainama, ukainama, ncha ikaingia majini, mgongo wake ukawa duara, na mimi nikafumba macho nikingoja sauti. Vunjika, nikasema. Vunjika sasa. Nikafumbua macho, bado umepinda. Mashua ilikuwa inavutwa, wapiga kasia wameinua kasia zao juu hawajui la kufanya, nayo inakwenda yenyewe kuelekea mafunjo. Kila samaki alipokimbia ufito ulimfuata, kila alipochoka ukamrudisha. Kitako chake hakikutikisika. Nilianza kulia kabla sijajua kwa nini. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alisema, "Huo ni mti gani?" na mwingine akasema, "Huo si mti, huo ni mshipa wa ng'ombe."

Walimtoa baada ya muda mrefu. Walihitaji watu wanne na ngozi ya ng'ombe kumbeba. Hakuna aliyewahi kumwona kambale kama yule Kitangiri, wala mimi sijamwona baadaye. Bwana Shauri alikuwa mwekundu mwili mzima, anacheka, anampiga Gunda mgongoni, "Mzuri sana! Mzuri sana!" Pale pale ufukweni akamwambia mtemi, tarishi akitafsiri, kwamba Gunda ni mtu wake siku zote, na mkondo uzungushiwe nguzo mpya, imara zaidi, kwa sababu samaki wa namna ile lazima walindwe.

Baba alirudi kesho yake mchana na vumbi la njia ya Sepuka hadi magotini. Alikuwa amekwisha kusikia barabarani juu ya samaki, hakusikia juu ya ufito. Aliingia jikoni kuwasha kiko chake, akainua macho juu ya moshi. Alikaa ameinua macho hivyo, kijinga cha moto mkononi, mpaka kikamfikia vidole.

"Mama," akaniambia. "Wa nne uko wapi?"

Nikamweleza yote haraka, kwa fahari iliyokuwa imebaki na aibu iliyokuwa imeanza. Nikamwambia nilisikia nyuma ya ukuta. Nikamwambia nilichagua mbovu kuliko yote, kwa kugeuza kila alilomfundisha Gunda, ili uvunjike mara ya tatu. Sijui kwa nini haukuvunjika. Labda Gunda ameuwekea dawa.

Baba alikaa kwenye kigoda. "Nilimfundisha uongo," akasema. "Yule ni binamu yangu. Binamu anaambiwaje kweli?"

Sikuelewa mara moja. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga ndoano. Mkole wa mtoni hukua haraka, nyuzi zake ni legevu. Wa mlimani hukua kwa shida, ndiyo maana una vifundo, na kila kifundo kinashikilia kingine. Ufito mrefu mtumbwini unampa samaki nguvu dhidi yako. Jua linaupasua, moshi unauponya. Na katika kukokota usiopinda huvunjika, kwa sababu samaki na mashua hawasubiriani. Yote aliyomwambia Gunda alikuwa ameyapindua, moja baada ya jingine, akijua Gunda atayafuata kwa uaminifu mpaka koti limvuke. Hakuhitaji kukasirika. Hakuhitaji kutozwa mbuzi. Alihitaji kungoja tu.

"Nilikuwa nimebakiza mara moja," akasema. "Na ule wa nne ulikuwa na miaka miwili moshini. Nilikuwa naungojea mkondo ufunguliwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Utani ukielezwa si utani tena."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Baba yangu hakuwa mwoga hata kidogo. Alikuwa na kisasi kirefu kuliko changu, kitulivu kuliko changu, alikipalilia miaka miwili huku akicheka mbele za watu, nami niliking'oa siku moja kabla ya mavuno nikidhani nang'oa gugu. Nilimchukia Gunda zaidi saa ile kuliko siku zote, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumchukia ila mimi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kabla hajasema neno tukasikia kelele njiani, watoto wanakimbia, na sauti ya Gunda juu ya sauti zote.

"Mkumbo! Umerudi? Toa binti yako hapa!"

Alikuwa ameleta nusu ya kambale, upande wa kichwa, ule unaopewa watu wa kuheshimiwa, umebebwa na vijana wawili kwenye mti. Majirani walimfuata. Alisimama uani kwetu, koti limefungwa vifungo vyote, akaniita kwa jina mbele ya watu, akasema kwamba heshima aliyopata kwa Mzungu ameipata kwa mkono wa mtoto huyu. Alisema tangu leo hakuna ufito utakaoingia ziwani bila kuchaguliwa na mimi. Machozi yalimtoka, jamani. Alikuwa anasema kwa moyo wake wote. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba hakukuwa na utani ndani yake hata chembe.

Baba alicheka. Alifanya kama inavyotakiwa, mikono kiunoni, kwa sauti. "Gunda, hicho kichwa cha samaki kina akili kuliko chako. Ilikuwaje koti ukavaa wewe?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Gunda naye akacheka, akamkumbatia baba, na baba akamwacha amkumbatie. Nilimwona juu ya bega la kaki akinitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja kuona kama na mimi nimejifunza kucheka.

Mama alipika. Watu wote walibaki. Chungu kilipoepuliwa Gunda alikataa mtu yeyote asiguse kabla yangu, akachagua kipande cha tumboni, penye mafuta, akakiweka mkononi mwangu mwenyewe, juu ya ugali. Walikuwa wananitazama wote, naye alikuwa amechuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, anasubiri kama mtu aliyempikia mgeni.

Nikala. Nilitaka kiwe na harufu ya tope, kiwe na miiba, kinikwame kooni watu wapige mayowe. Kilikuwa kitamu. Sijawahi kula samaki mtamu kama yule, tangu siku ile mpaka leo, na katika yote aliyonitendea Gunda, hilo ndilo sitamsamehe.